Huhitaji viza, lakini bila idhini hupandi ndege: ETA ya Uingereza inavyofanya kazi

Kwa miaka mingi mwenye pasipoti ya Marekani, ya Sweden au ya Ujerumani aliyetaka kwenda London kwa wiki mbili hakuwa na la kufanya zaidi ya kukata tiketi. Uamuzi wa kumkubali au kumkataa ulifanyika Heathrow, akiwa amekwisha kutua. Kwa serikali, hiyo ni hali mbaya, maana kumrudisha mtu aliyekwisha kufika ni kazi na ni gharama. Idhini ya safari ya kielektroniki (kwa kifupi cha Kiingereza, ETA) inauhamisha ukaguzi huo kutoka dirisha la uhamiaji hadi kwenye simu ya msafiri, siku kadhaa kabla hajatoka nyumbani.

Waingereza hawakubuni jambo hili. Australia ilianza mwaka 1996. Marekani ilikuja na ESTA, iliyokuwa lazima kuanzia tarehe 12 Januari 2009. Canada ilifungua yake Agosti 2015, New Zealand mwaka 2019, Korea Kusini mwaka 2021. Sheria ya Uingereza ni ya mwaka 2022. Wa kwanza kuombeshwa walikuwa raia wa Qatar, Oktoba 2023; nchi nyingine za Ghuba zikafuata Februari 2024, Wamarekani na wengine wasio wa Ulaya wakatakiwa kuwa nayo tangu 8 Januari 2025, na Wazungu wa bara la Ulaya tangu 2 Aprili 2025. Lakini kutakiwa kuwa nayo na kuzuiwa kwa kutokuwa nayo ni mambo mawili. Ukali kamili umeanza tarehe 25 Februari 2026. Kabla ya hapo watu wengi walisafiri bila ETA wakapita, na zile habari za "mbona mimi sikuulizwa" zinazozunguka kwenye makundi ya WhatsApp nyingi ni za kipindi hicho. Usizitegemee.

Kuna mambo mawili ambayo ukiyashika, maswali mengi yanajijibu yenyewe. La kwanza: ETA haimpi mtu haki ya kuingia Uingereza. Inaruhusu shirika la ndege, la meli au la treni kumbeba. Ofisa wa mpakani bado anaweza kumuuliza na bado anaweza kumkataa. La pili: ETA imefungwa kwenye namba moja ya pasipoti moja. Haimfuati mtu, inaifuata pasipoti.

Pasipoti gani, si makazi gani

Wanaohusika ni raia wa nchi ambazo Uingereza haiwadai viza ya matembezi. Humo mna Umoja wa Ulaya (Waireland wametengwa, wao hawahitaji chochote), Norway, Uswisi, Marekani, Canada, Australia, Japani, na nchi sita za Ghuba: Oman, Falme za Kiarabu, Qatar, Kuwait, Bahrain na Saudi Arabia. Kwa Afrika orodha ni fupi mno. Mauritius na Shelisheli zimo. Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo hazimo, na mwenye pasipoti ya nchi hizo anaendelea kuomba viza ya kawaida yenye alama za vidole na miadi. Hakuna namna ambayo ETA itamfaa.

Kinachowachanganya watu ni makazi. Mkenya anayefanya kazi Dubai, mwenye kitambulisho cha ukaazi cha Emirates na mshahara mnono, anahesabiwa Mkenya. Anahitaji viza. Mtanzania mwenye ukaazi wa kudumu Ujerumani anahitaji viza. Waliotoka Kongo au Burundi wakapewa hifadhi Sweden au Norway, wakapata hati ya kusafiria ya mkimbizi, nao wanahitaji viza, kwa sababu hati ile haimfanyi mtu kuwa raia wa nchi iliyoitoa. Ni pale wanapopata uraia na pasipoti kamili ndipo wanapohamia upande wa ETA. Katika familia moja inayosafiri pamoja kutoka Stockholm, mama anaweza kuhitaji viza, baba ETA, na mtoto, akiwa na pasipoti ya Uingereza, asihitaji chochote.

Orodha yenyewe hubadilika bila taarifa ndefu. Jordan iliingizwa kwenye ETA Februari 2024, na tarehe 10 Septemba mwaka huo huo ikaondolewa, raia wake wakarudishwa kwenye viza. Ndiyo maana jibu la mwaka jana si la kuaminiwa mwaka huu.

Kwa Waomani, wakiwamo wale wengi wa Maskati wenye jamaa Unguja, Pemba na Mombasa, ETA ilikuwa nafuu. Tangu mwaka 2014 walikuwa wakitumia msamaha wa viza wa kielektroniki ambao ulikuwa wa safari moja tu. Ukitoka, safari nyingine ni ombi jingine, na kabla haujafutwa ada yake ilikuwa pauni 30 kila mara. ETA ilipoingia kwa pauni 10 na uhai wa miaka 2, hakuna aliyelalamika Maskati. Waliolalamika ni Wamarekani na Wazungu, ambao walikuwa hawalipi kitu.

Raia wa Uingereza asiyejijua

Raia wa Uingereza hawezi kupewa ETA. Hii ndiyo sehemu inayowaumiza watu kuliko zote, na ndiyo sehemu inayoelezwa haraka haraka kwenye tovuti nyingi.

Sababu ni ya kisheria: raia haombi ruhusa ya kuingia kwao, kwa hiyo mfumo hauna cha kumpa. Zamani mwenye uraia wa Uingereza na wa Marekani aliweza kupanda ndege kwa pasipoti yake ya Marekani, akafika akaingia. Sasa shirika la ndege likiipeleka namba ya pasipoti ile, halioni ETA, na ETA haiwezi kuombwa. Anabaki na njia mbili: asafiri na pasipoti ya Uingereza iliyo hai, au awe na cheti cha haki ya ukaazi kinachoambatana na pasipoti yake ya kigeni. Mwanzoni mwa 2026 cheti hicho kiligharimu pauni 589, ilhali pasipoti ya mtu mzima ikiombwa mtandaoni ndani ya Uingereza haikufika pauni 100. Kwa watu wengi hesabu inaishia hapo.

Mkenya mwenye uraia pacha na Uingereza hakushtuka sana, kwa kuwa pasipoti ya Kenya peke yake haikuwa ikimpandisha ndege ya London hata zamani. Na kwa Mtanzania mtu mzima, ambaye sheria ya kwao hairuhusu uraia wa nchi mbili, kwa kawaida pasipoti ya Uingereza ndiyo pekee aliyo nayo. Mtego uko kwa wenye uraia wa Uingereza pamoja na wa Marekani, Canada, Oman au nchi ya Ulaya. Na zaidi uko kwa watoto wao.

Chukua familia yenye asili ya Mombasa iliyopata uraia wa Uholanzi, ikahamia Leicester, wazazi wakapata ukaazi wa kudumu, akazaliwa mtoto, wakamkatia pasipoti ya Uholanzi kwa sababu ndiyo waliyoizoea. Mtoto yule ni Mwingereza tangu alipotoka tumboni. Aliyezaliwa Uingereza kuanzia tarehe 1 Januari 1983, na mzazi mmoja akiwa raia au mkaazi wa kudumu siku ile, anapata uraia bila fomu, bila ombi, bila mtu kumwambia. Familia ikirudi Rotterdam na miaka sita baadaye ikataka kumpeleka mtoto kwa shangazi yake, ETA si yake. Lakini kama wazazi walikuwa na ule ukaazi wa muda tu unaotangulia wa kudumu, kwa kawaida mtoto hakuzaliwa Mwingereza, na ETA inamhusu. Tarehe ya barua ya ukaazi ikilinganishwa na tarehe ya kuzaliwa ndiyo inayoamua.

Waliozaliwa nje nao wamo. Mzazi aliyezaliwa Uingereza, au aliyepewa uraia kwa maombi akiwa tayari anaishi huko, humrithisha uraia mtoto aliyezaliwa Maskati au Toronto. Mzazi ambaye yeye mwenyewe aliurithi akiwa nje, kwa kawaida hawezi kuurithisha tena. Kwa watoto waliozaliwa kabla ya tarehe 1 Julai 2006, uraia wa baba ulipita tu kama wazazi walikuwa wameoana. Kama una shaka, lishughulikie miezi kabla ya safari. Pasipoti ya kwanza ya Uingereza kwa mtu aliye nje ya nchi haitoki kwa wiki moja.

Wapo wanaoshauri usiutaje uraia wa pili kwenye fomu. Fomu inauliza waziwazi kama una uraia mwingine, na jibu la uongo linatosha kuifuta idhini.

Kuomba

Kabla ya kufungua fomu, angalia tarehe ya mwisho ya pasipoti. ETA inaishi miaka 2 au hadi pasipoti inapoisha, chochote kitakachotangulia. Pasipoti iliyobakiza miezi mitano itakupa ETA ya miezi mitano kwa bei ile ile, na ukipata pasipoti mpya unalipa tena. Basi fanya upya pasipoti kwanza. (Uingereza yenyewe haidai pasipoti iwe na miezi sita mbele, inatosha iwe hai kwa muda wote wa ziara. Nchi utakayounganishia ndege inaweza kuwa na sharti lake.)

Ada ilianza pauni 10, ikapandishwa hadi 16 tarehe 9 Aprili 2025, na serikali ilikwisha kutangaza nia ya kuifikisha 20. Kiasi cha kweli ni kile unachokiona kwenye programu rasmi siku unayolipa. Programu ya simu inaitwa UK ETA, kwa simu za Android na iPhone. Asiyeitaka anaweza kuombea kwenye tovuti ya serikali. Hapa pana biashara kubwa ya ulaji: tovuti za watu binafsi zilizopambwa bendera na nembo zinakuombea ETA hiyo hiyo kwa bei maradufu au zaidi, na nyingine hazikuombei kitu, zinachukua picha ya pasipoti yako na kutoweka. Kuitambua ya serikali, tazama anwani juu ya ukurasa: kabla ya mkwaju (/) wa kwanza baada ya jina la tovuti, maneno ya mwisho lazima yawe gov.uk. Anwani yenye "uk", "eta" na "gov" zikiwa zimetawanyika na mwisho wake ni .com au .org si ya serikali, hata iwe ya kwanza kwenye matokeo ya utafutaji. Ile ya kwanza mara nyingi ni tangazo lililolipiwa.

Kila msafiri anahitaji yake, hata mtoto mchanga. Mtu mmoja anaweza kuwaombea wenzake. Unachohitaji ni pasipoti yenyewe mkononi (nakala haikubaliki), barua pepe, na kadi ya benki au Apple Pay au Google Pay. Huhitaji tiketi wala jina la hoteli, kwa hiyo hakuna sababu ya kungoja hadi safari ipangwe.

Kwenye simu mambo huenda kwa mpangilio huu: unapiga picha ukurasa wa pasipoti wenye sura yako, simu inasoma chipu iliyo ndani ya pasipoti, kamera inachanganua uso, unajipiga picha, unajibu maswali kuhusu uraia, kazi na rekodi ya makosa, unalipa.

Picha ya ukurasa hukataliwa kwa sababu chache zinazojirudia. Mng'ao wa taa unafuta herufi, kona moja imekatwa, au kidole kimefunika mistari miwili ya chini. Piga mchana karibu na dirisha, taa ya simu ikiwa imezimwa, pasipoti ikiwa imelala mezani. Picha ya sura iwe na ukuta mtupu nyuma, bila kichujio cha kupendezesha ngozi. Hijabu na kilemba cha dini havina tatizo mradi uso wote unaonekana.

Chipu ndiyo inayochosha watu. Ondoa kasha la simu na ganda la pasipoti, hasa lile lenye bati la kuzuia mawimbi. Ilaze pasipoti, weka simu juu yake, na usiisogeze hadi upau ujae. Watu wengi huinua simu mapema. Kwenye iPhone antena iko ukingo wa juu, kwenye Android nyingi iko katikati ya mgongo. Pasipoti nyingine zina chipu kwenye jalada la nyuma, nyingine ndani ya ukurasa mgumu wa picha, kwa hiyo jaribu pande zote kabla ya kukata tamaa. Ikishindikana kabisa, tumia tovuti, ambako chipu haisomwi.

Ila kwenye tovuti unaandika kwa mkono, na hapo kosa moja la herufi linaharibu kila kitu. Tazama mistari miwili ya chini ya ukurasa wa picha, ile iliyojaa alama za <. Kila mstari una nafasi 44. Nafasi 9 za mwanzo za mstari wa pili ndizo namba ya pasipoti. Tarakimu ya 10 ni ya ukaguzi, si sehemu ya namba, usiiandike. Kosa la kawaida kuliko yote ni kuandika herufi O mahali pa sifuri. Kwa pasipoti za Ujerumani jibu ni rahisi: namba zake hazitumii herufi O kabisa, kila duara ni sifuri. Kwa nchi nyingine, linganisha umbo lake na sifuri iliyo ndani ya tarehe ya kuzaliwa kwenye mstari ule ule wa pili, kwa kuwa mwandiko ni mmoja. Jina nalo liandikwe kama lilivyo kwenye mistari hiyo. Majina ya Kiomani yenye "bin", "bint" na "Al" hugawanywa tofauti kwenye tiketi, kwenye kadi ya benki na kwenye pasipoti; hapa pasipoti ndiyo mwamuzi pekee.

Kosa la namba lina ubaya wa pekee: ombi linaweza kukubaliwa. Unapata barua pepe ya pongezi, unalala, na siku ya safari mfumo hauoni kitu kwa sababu idhini imefungwa kwenye namba ambayo si yako. Barua pepe ya kukubaliwa ikija, linganisha namba ya pasipoti iliyomo na ile iliyo mkononi mwako, herufi kwa herufi. Ikiwa si sawa, omba upya mara moja. Fedha za kwanza hazirudi.

Wengi hupata jibu ndani ya dakika, lakini serikali inakuambia ujiachie siku 3 za kazi. Siku za kazi: Jumamosi, Jumapili na sikukuu za Uingereza hazimo. Anayeomba Alhamisi jioni kabla ya Pasaka, ambapo Ijumaa na Jumatatu ni sikukuu, anaweza kungoja hadi Alhamisi inayofuata. Ikikubaliwa unapewa namba ya kumbukumbu yenye tarakimu 16. Hakuna stika, hakuna karatasi ya kuchapisha. Hifadhi barua pepe hiyo hata hivyo, kwa ajili ya mabishano kwenye kaunta.

Kwenye kaunta

Unapojisajili kwa safari, shirika linatuma taarifa za pasipoti yako kwa mfumo wa mpaka wa Uingereza na linajibiwa papo hapo. Kwa ufupi jibu ni moja kati ya matatu: ana ruhusa na abebwe; asibebwe; au hakuna rekodi, kagueni hati zake. Mhudumu hana mamlaka ya kukuhurumia. Shirika linalomleta mtu asiye na hati zinazotakiwa linaweza kutozwa pauni 2,000 kwa kila abiria, na hiyo ndiyo sababu ya sura yake kubadilika.

Ukikwama na jibu la "hakuna rekodi" ilhali una ETA, sababu huwa moja kati ya hizi: umejisajili na pasipoti tofauti na uliyoombea, namba uliyoweka kwenye akaunti yako ya shirika ni ya pasipoti ya zamani, au kuna lile kosa la O na sifuri. Mbili za kwanza zinarekebishwa hapo hapo. Mwenye pasipoti mbili za kigeni, tuseme ya Marekani na ya Canada, achague moja na aitumie kuombea na kusafiria.

Kuhusu kuunganisha ndege, wasafiri wa Minneapolis au Toronto wanaokwenda Nairobi kupitia Heathrow wana bahati. Tangu Januari 2025 anayebaki ndani ya eneo la wasafiri bila kupita uhamiaji hahitaji ETA, na hili linahusu Heathrow na Manchester. Masharti ni kwamba kweli usipite uhamiaji. Tiketi mbili zilizonunuliwa mbalimbali, ambapo lazima uchukue mizigo na kuisajili upya, zinakupitisha mpakani: ETA. Ndege ya pili ikiondokea Gatwick, unapita mpakani: ETA. Kulala hotelini mjini: ETA. Pauni chache za idhini ya miaka 2 ni bima ya bei rahisi endapo ndege ya kwanza itachelewa na shirika likakupeleka hoteli nje ya uwanja.

Ireland huwapotosha wageni. Kati ya Dublin na Belfast hakuna kizuizi barabarani wala ofisa, lakini Belfast ni Uingereza, na mtalii wa Kimarekani anayevuka kwa basi anatakiwa awe na ETA ingawa hakuna wa kumwuliza pale kwenye mstari. Wakaazi halali wa Jamhuri ya Ireland ambao uraia wao haudai viza wamesamehewa wanaposafiri kutoka Ireland. Wawe na uthibitisho wa ukaazi.

Inaruhusu nini, na inakataliwa kwa nini

Kila ziara inaweza kufika miezi 6, na unaweza kwenda mara nyingi. Kutembea, kutembelea ndugu, mikutano ya biashara, kozi fupi, vyote vimo. Kufanya kazi ya kuajiriwa hakumo, wala kuishi Uingereza kwa kuunganisha ziara moja baada ya nyingine. Kuhudhuria harusi ya binamu ni ruksa. Kufunga ndoa yako mwenyewe kisheria, au hata kuandikisha nia ya kuoa, kunahitaji viza ya ndoa. Mabibi wanaokwenda kumlea mjukuu mchanga kwa miezi mitano wajue kwamba ofisa anaweza kuuliza. Kumsaidia binti kama mama yake ni ziara ya familia; kulipwa kulea ni kazi.

Kukataliwa kuna namna mbili. Kuna ombi lililorudishwa kwa dosari, picha mbaya kwa mfano, ambalo unalituma tena. Na kuna kunyimwa hasa, ambako hakuna rufaa: kilichobaki ni kuomba viza ya matembezi na kueleza mambo yako kwa ofisa. Kifungo cha miezi 12 au zaidi, popote duniani na wakati wowote, kinakunyima. Hukumu yoyote ya jinai iliyotolewa ndani ya miezi 12 iliyopita nayo inakunyima, hata kama haikuwa ya kifungo. Kuna kukaa kupita muda zamani, kuna udanganyifu. Na kuna deni la hospitali.

Hilo la mwisho watu hawalitegemei. Mgeni anayetibiwa kwenye hospitali ya umma ya Uingereza hutozwa, kwa walio wengi kwa asilimia 150 ya bei ya kawaida, na wakati mwingine ankara huja baada ya kurudi nyumbani. Deni la pauni 500 au zaidi lisipolipwa kwa miezi miwili linaweza kupelekwa Wizara ya Mambo ya Ndani ya Uingereza, na ombi lijalo likagonga hapo. Aliyejifungua au kulazwa akiwa matembezini aulize hospitali kama kuna baki kabla ya kuomba ETA. Kulipa au kukubaliana malipo ya awamu ni rahisi kuliko kueleza baadaye.

Kwingine sheria ni nyingine

Kosa la kawaida ni kudhani mifumo hii yote ni mmoja. ESTA ya Marekani ni ya miaka 2 lakini kila ziara ni siku 90 tu, na ada yake ilipanda kutoka dola 21 hadi 40 tarehe 30 Septemba 2025. Ina mtego unaowahusu Waswahili na Wasomali wa Ulaya moja kwa moja: aliyekwenda Somalia, Sudan, Yemen, Libya, Syria, Iraq au Iran tangu tarehe 1 Machi 2011 kwa kawaida hawezi kutumia ESTA. Pasipoti ya Sweden haimsaidii hapo. Anaomba viza ubalozini.

Canada ni rahisi zaidi: dola 7 za Canada, miaka 5, na ni kwa wanaoingia kwa ndege tu. Pia ina nafuu ambayo wengi hawaijui. Mkaazi wa kudumu wa Marekani, mwenye grini kadi hai, haombi viza wala eTA ya Canada hata akiwa na pasipoti ya Tanzania au Kenya; anabeba pasipoti ya nchi yake pamoja na kadi. Kenya nayo ilifuta viza mwanzoni mwa 2024 ikaweka idhini ya mtandaoni, kwa hiyo binamu wa London mwenye pasipoti ya Uingereza peke yake anaombea Nairobi kama vile Mmarekani anavyoombea London. Tanzania haimo katika mkumbo huu: kile kinachoombwa mtandaoni ni viza kamili, yenye bei ya viza.

Umoja wa Ulaya unakuja na ETIAS, yuro 20 kwa miaka 3, bure kwa walio chini ya miaka 18 na zaidi ya 70. Itawahusu wenye pasipoti za Uingereza, Marekani, Canada na nchi nyingine zisizodaiwa viza, na tarehe iliyotangazwa ni robo ya mwisho ya 2026. Tovuti inayokuuzia kabla ya hapo inakuuzia hewa. Hata itakapofunguliwa kutakuwa na miezi isiyopungua 6 ya mpito, ambamo asiyekuwa nayo hatarudishwa kwa sababu hiyo pekee, mradi ametimiza masharti mengine ya kuingia.